Bunduki ya Mzee Wambura

Siku mliyoniaga kazini, Marwa na Neema, mliniwekea kipaza sauti mbele nikashindwa kusema. Nilishukuru, nikakaa, nikala wali wenu. Watu wakadhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini zaidi sikujua nianzie wapi. Sasa nipo nyumbani Kamunyonge, mikono haina kazi, na asubuhi ni ndefu kuliko nilivyoambiwa. Basi naandika yale niliyotakiwa kuyasema. Ya mshahara na vyeo sina. Mnajua wenyewe karakana yetu ina vyeo viwili tu, fundi na yule anayemchemshia fundi chai, na mimi nimevishika vyote.

Sikuanzia kwenye bunduki. Baba yangu, mzee Masatu, alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale Mwigobero, ziwani Musoma, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, mahali ambapo harufu ya dagaa inakuzoea kabla wewe hujaizoea. Macho yalipomchosha nikashika bisibisi mimi. Siku moja akaja mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, ameleta cherehani ya mke wake. Alisimama akiniangalia ninavyoibana springi mpaka ikakaa. Huyo ndiye Fundi Mafuru, mwenye karakana ya kutengeneza bunduki za watu wenye leseni.

"Binti, unaogopa chuma?" akaniuliza.

"Chuma hapana. Naogopaga watu."

"Basi njoo Jumatatu."

Jumatatu hiyo aliweka bunduki mezani akaniuliza, "Ina kitu?" Maana yake, ina risasi ndani? Nikamjibu sijui. "Jibu sahihi," akasema. "Kila siku jibu ni hilo mpaka uangalie. Ukishaangalia, ingiza kidole. Jicho linaona linachotaka, kidole hakina tamaa." Mchana wake akanipa kufungua bunduki nyingine. Springi ikaniponyoka, ikapita juu ya kofia yake, ikatua kwenye bakuli lake la uji. Akaitoa kwa kijiko, akaifuta, akanirudishia mkononi. "Yenyewe imeshakula," akasema. "Sasa kula na wewe, halafu turudie."

Sijawahi kufundishwa na mtu mpole kiasi kile, na sijawahi kufundishwa na mtu aliyerudia neno mara nyingi kiasi kile.

Wateja ndio walikuwa kazi. Mkulima wa pamba kutoka Bunda alikuja na bunduki aliyoipaka samli ndani na nje ili isishike kutu. Kutu haikushika, walishika sisimizi. Nikamwambia aiweke mezani. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia fundi mmojawapo ni mimi. "Nimesema fundi," akarudia, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Akakaa kwenye benchi ameikumbatia mpaka Fundi Mafuru aliporudi sokoni, sisimizi wanamtembea shingoni. Wengi walikuwa hivyo. Walimpa Fundi bunduki, Fundi akanipa mimi, nami nikamrudishia Fundi awape. Iliwachukua miaka kugundua, na walipogundua, walikuwa wameshazoea bunduki zao kufanya kazi.

Wa kwanza kunikabidhi yake mkononi ni Mzee Wambura. Wakati ule hakuwa mzee, lakini kwetu heshima haingojei mvi. Alikuwa mrefu, mtaratibu wa maneno, mkulima na mfugaji wa kijiji cha ndani ukitokea Kiabakari, upande wa Butiama. Fundi Mafuru alikuwa amelala na malaria. Nilidhani naye atakaa kwenye benchi. Yeye akauliza, "Wewe si ndiye uliyetengeneza cherehani ya mama Wegesa, mke wangu? Ile mashine mpaka leo haijakata uzi." Akaifungua mbele yangu, akanionyesha kwamba ni tupu, akainyoosha kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia ya zamani, nusu-otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe. Aliinunua kihalali kwa mpima madini mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, karatasi zote zikiwa kamili. Upande wetu hazikuwa nyingi. Bunduki za kawaida ukishapiga unavuta bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, kwa mkono. Hii unapofyatua, gesi kidogo ya baruti inapita kwenye kitundu chini ya mtutu, inasukuma pistoni, pistoni inarudisha bolti nyuma, ganda linaruka nje, kisha springi inairudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Mimi niliiangalia nikaona cherehani. Kila kitu kinangoja mwenzake amalize. Mmoja akichelewa, uzi umekatika.

Ndiyo maana bunduki ya namna hii, hasa ikishazeeka, haisamehe uvivu. Lazima masizi yatolewe kwenye kitundu cha gesi, lakini kitundu chenyewe kisipanuliwe hata kidogo. Wapo walioingiza msumari, nami nikawaambia wakatafute jembe. Mafuta yawe kidogo. Bunduki inayong'aa kwa mafuta inakusanya vumbi la Mara lote. Na kwa kuwa nyuma imefungwa, ufito wa kusafishia unauingizia mdomoni mwa mtutu. Hapo uende polepole, maana ukiukwangua ule mdomo, risasi itatoka inakwenda inakotaka yenyewe. Mzee Wambura alinisikiliza yote hayo. Mwaka uliofuata, alipokuja kabla ya kukaguliwa leseni, nilikuta ameyafanya yote. Alileta na viazi vitamu, na kuku mmoja hai aliyetaga ndani ya boksi la tupa.

Kisha ikaja kesi iliyonikosesha usingizi. Miaka ile mwenye leseni aliweza kuomba kibali akawinda nyama ya nyumbani. Mzee Wambura alitoka na kibali chake, akampiga nyamera. Hakumwangusha, alimjeruhi. Akataka kupiga tena, bunduki ikakataa. Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limenata ndani ya chumba cha risasi, nyuma ya mtutu, halitoki.

Alipokuja karakana alikaa kwenye benchi, bunduki magotini. Fundi Mafuru akamwachia chai mbele yake.

"Nilimfuata mpaka jua linaelekea kushuka," akasema. "Nikamkuta amelala anapumua. Bunduki haifunguki. Ikabidi nitumie panga. Binti Masatu, yule mnyama aliniangalia. Mimi nimekulaga nyama maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuangaliwa hivyo."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua vizuri zaidi.

Tulililegeza ganda, tukalisukuma kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu, tukamulika tochi ndani ya chumba. Ukuta wake ulikuwa na vidoti vya kutu, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Risasi ikilia, ganda lake la shaba linavimba. Likikuta ukuta laini linajiachia, likikuta mashimo linang'ang'ania, na kile kijino kinachovuta ganda kinateleza. Fundi Mafuru akanipa kitambaa na dawa ya kung'arishia. "Ukisugua sana," akasema, "chumba kitapanuka, na bunduki ya chumba kilichopanuka ni ya kufukiwa. Ukisugua kidogo, itamkwamia tena."

"Nitajuaje pa kuishia?"

"Utaishia ukianza kuogopa."

Nilisugua, nikapumzika, nikaangalia, nikasugua tena, hadi nikaogopa. Lakini swali likabaki. Mtu msafi hivi kutu ameitoa wapi? Nikamuuliza anailaza wapi. Akasema ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama sheria inavyotaka, tena imevaa ala yake. Akanionyesha. Ilikuwa ala nzuri ya ngozi ya ng'ombe, imeshonwa mshono wa kupendeza. Hapo nikaelewa. Ngozi inakunywa unyevu, tena ndani ya sanduku lililofungwa haina pa kuutapika isipokuwa kwenye chuma.

Nilimwambia. Akaishika ile ala akaigeuzageuza.

"Hii aliishona mama Wegesa akiwa na mimba ya Wegesa. Ilivunja sindano zake. Sasa nikamwambie nini? Kwamba zawadi yake ndiyo ilinikwamisha porini?"

Fundi Mafuru akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nikasema ala si mbaya, ni ya safari. Akifika nyumbani aitoe, bunduki ilale wazi, na ala itundikwe mahali penye hewa.

Aliporudi mwaka uliofuata, bunduki haina kutu, imefungwa kwenye khanga safi.

"Nilimwambia ukweli," akasema. "Nilijiandaa kwa kununiwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kumbe shida ni nguo, basi na yenyewe ivae khanga kama mimi." Akacheka na yeye. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka.

Fundi Mafuru aliacha kazi macho yalipokataa kuona tundu la gesi. Aliendelea kuja kila asubuhi kukaa mlangoni na kuuliza, "Leo mmepata nini?" nasi tukimweleza bunduki kama watu wanaomsimulia mpira. Asubuhi moja hakuja. Tulipokwenda kwake tukamkuta amelala, kofia yake iko juu ya stuli, imekunjwa vizuri. Mke wake aliniomba nikae na familia msibani, si na wafanyakazi. Hilo sikuwahi kuwaambia.

Miaka ikaenda. Vibali vya kuwinda kwa wenyeji vikasimama, bunduki ya Mzee Wambura ikabaki ya kulinda mifugo dhidi ya fisi. Springi ilichoka, tukatafuta nyingine kwa shida. Kijino cha kuvutia ganda kikaisha, na kwa kuwa hakikupatikana popote nilikichonga mwenyewe kwa tupa, kitu cha ukubwa wa punje ya mtama. Nilitupa vitatu kabla kimoja hakijakubali. Mama Wegesa akafariki. Mzee akaanza kuniita Mama Bwire, kwa jina la mwanangu, badala ya binti Masatu. Nilijua hapo kwamba wote wawili tumezeeka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, akaja Wegesa mwenyewe. Ni mwalimu Bunda. Nilikuwa nikimjua kwa jina tangu akiwa mtoto, lakini tulikuwa tumeonana mara chache.

"Shikamoo, Mama Bwire."

"Marahaba, mwanangu. Mzee mzima?"

Akakaa kwenye benchi. Neema, wewe ulikuwepo, ulimletea maji hakunywa. Akanieleza kwamba mikono ya baba yake inatetemeka. Ilianza na kikombe, ikaja kwenye vifungo vya shati. Wiki iliyotangulia, asubuhi, fisi alikuwa amezunguka zizi la mbuzi. Mzee akatoka na bunduki, akawa anaipakia uani. Ikafyatuka. Risasi ikapita kwenye mlango wa jiko.

"Mwanangu yuko likizo kwa babu yake," akasema. "Alikuwa ametoka humo jikoni, amekwenda kumwaga majivu. Majivu, Mama Bwire."

Nikamsogezea yale maji.

"Nimemwomba aiache, hataki kusikia. Kaka yangu alipiga simu kutoka Mwanza, akamkatia. Lakini wewe anakusikiliza. Mwambie imekufa. Mwambie haitengenezeki. Ukisema wewe ataamini."

"Ndiyo maana siwezi," nikamwambia. "Ataamini."

Akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nikamwahidi kwamba nitakwenda kuikagua kwanza. Huenda kweli imeharibika, sefti inayozuia isifyatuke imelegea au kifyatulio kimelika, na hapo nitasema ukweli na ukweli wenyewe utamsaidia. Ninyi mnajua tunavyofurahi kukuta bunduki nzima. Mara hiyo nilikwenda nikiomba nikute ubovu.

Jumamosi tuliongozana hadi kijijini. Tulimkuta Mzee uani, amekaa kwenye stuli, bunduki imefunguliwa juu ya gunia safi mbele yake. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watu wote, walio hai na waliotangulia. Niliona mlango wa jiko. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa.

"Nilijua utakuja," akasema. "Iangalie. Nafikiri kifyatulio kimekuwa chepesi."

Niliiunganisha, nikaiangalia, nikaingiza kidole. Nikaiweka tayari ikiwa tupu, nikakigonga kitako kwa nyundo ya mti, huku na huku, nione kama itajifyatua. Haikujifyatua. Nikaweka sefti nikavuta, ikashika. Nikapima kifyatulio, uzito wake ni uleule. Nikarudia yote. Wegesa alikuwa amesimama nyuma ya baba yake ananiangalia macho makavu.

"Mzee," nikasema, "ni nzima."

"Nzima kabisa?"

"Kabisa. Umeitunza kuliko mimi."

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti unatetemeka, akaufunika kwa wa kushoto, nao ukatetemeka.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni mikono, Mzee. Siyo wewe."

"Mikono siyo mimi? Nililima na nani? Nilimzika mke wangu na nani?"

Nikaokota nyundo yangu nikairudisha mkobani. Kuku walikuwa wanaparua pembeni. Baadaye Mzee akageuza shingo kidogo, hakumwangalia binti yake lakini alisema ili asikie.

"Huyu alikutuma uniambie imekufa. Siyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniuliza imekufa nini. Ningekosa cha kukuonyesha."

Midomo ikamcheza. "Mama yake naye angefanya hivyohivyo. Angeificha funguo ya sanduku ndani ya unga, halafu anisaidie kuitafuta."

Wegesa akacheka bila kutaka, kisha akalia, kisha akaketi chini kwenye gunia karibu na miguu ya baba yake. Mzee akamwekea mkono kichwani, mkono uleule unaotetemeka, akauacha pale.

"Mtoto alikuwa amekwenda kumwaga majivu," akasema. "Kila nikifumba macho namwona hajaenda."

Alikuwa ameshaamua kabla hatujafika, nadhani. Alikuwa anataka tu mtu amwambie bila kumdanganya. Akauliza nani ataichukua. Kijana wa Mwanza hataki, Wegesa hataki. "Na wewe je, Mama Bwire? Uombe leseni."

"Mimi, Mzee, sijawahi kulala nyumba moja na bunduki. Nazipenda zikiwa mezani."

"Basi iende polisi," akasema. "Lakini isiende chafu. Hata maiti huogeshwa."

Tukaisafisha watatu. Mimi nilichukua pini na vijino, yeye akachukua ufito kwa mikono yote miwili, maana kuvuta na kusukuma aliweza. Mtutu ukawa unacheza. Akamwambia Wegesa, "Shika hapa. Siyo huko, hapa." Miaka yote ile hakuwahi kumruhusu binti yake kuigusa. Wegesa akaushika mtutu, amekaza kweli, na baba yake akawa anausugua polepole na kumweleza kwa nini usiukwangue mdomo. Maneno yalikuwa yangu, na yangu niliyapata kwa Fundi Mafuru. Niliinama zaidi kwenye pini zangu.

Siku ya kuikabidhi tulikutana Musoma, baada ya mtendaji wa kijiji kupiga simu kituoni kwamba tunakuja. Askari kijana aliipokea kwa adabu, akaikagua, akasema, "Mzee, umeitunza hii." Mzee akaitikia kwa kichwa. Akatoa na risasi zilizobaki, akatia dole gumba kwenye karatasi kwa sababu kalamu ilimsumbua, tukatoka. Nje alisimama kwenye ngazi muda mrefu. Mkono wa kulia ulipanda begani, mahali mkanda wa bunduki ulipokuwaga, haukukuta kitu, ukashuka. Wegesa akaushika. Nilidhani Mzee atauvuta mkono wake, hakuuvuta.

"Nina njaa," Mzee akasema.

Tukashuka Mwigobero. Niliwapeleka kwa mama mmoja ninayemwamini, akatuletea sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Mzee alimega ugali vizuri, lakini samaki akamshinda. Vidole vilikuwa vinakamata mwiba vinaupoteza, vinakamata vinaupoteza. Sisi tukaangalia ziwani kama watu wanaosubiri mtumbwi. Mwisho Wegesa akaivuta ile sahani kwake bila neno. Akaanza kuchambua miiba, mmoja mmoja, anaipanga pembeni, nyama anairudisha upande wa baba yake.

Mzee alimtazama muda. Mimi nilijiandaa kwa ukali.

"Kichwa niachie," akasema. "Hicho bado nakiweza."

Tukamwachia.